Maswali Yaliyo Ndani ya Simu

Hotuba ya mfanyakazi wa nyanjani wa shirika moja la mahali, mbele ya viongozi wa familia zilizohama na wakuu wa avenyu, mjini Uvira

Najua wengine wametoka Kilomoni kwa miguu, na wengine wameacha bidoni zao katika foleni ya maji ili kuwa hapa. Nitajitahidi foleni hiyo isiwapite bure.

Nimeombwa kusema juu ya simu. Sisemi juu ya simu ya kumpigia ndugu, bali zile ambazo sisi watu wa mashirika tunakuja nazo kila mara maafa yanapotokea. Tunasimama mlangoni, tunauliza, tunabonyeza, tunaenda zetu. Wengi wenu mmeandikwa mara nne, mara tano. Mama mmoja wa Kavimvira aliniambia kwamba jina lake limesafiri kuliko yeye mwenyewe, na halijarudi na kitu.

Kwanza nieleze kifaa chenyewe, ili tusiogope kitu ambacho si cha kuogopa. Zamani programu ya simu ilikuwa kazi ya injinia, mtu aliyesomea lugha ya kompyuta. Leo kuna vifaa ambavyo havihitaji kuandika hata mstari mmoja wa lugha hiyo. Unafungua ukurasa, unaandika swali kama unavyoandika barua, unachagua kama jibu litakuwa namba, neno, picha au mahali kwenye ramani, halafu unaipeleka fomu katika simu za wenzako. Maswali unaweza kuyaweka kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kivira au Kifuliiru, vyote ndani ya fomu moja. Simu inafanya kazi hata pasipo rezo. Majibu yanakaa humo mpaka ufike mahali penye mtandao, ndipo yanaondoka. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kujifunza kazi hii kwa siku moja, na ninao hapa vijana wawili wa Kimanga ambao walijifunza kwa nusu siku.

Kifaa ambacho mashirika mengi ya huku hutumia kinaitwa KoboToolbox. Kilitokana na kazi ya watafiti ambao walikuwa wakiwauliza raia wa kaskazini ya Uganda na wa mashariki ya Kongo habari za vita, haki na amani. Neno kobo ni la Kiacholi, maana yake kuhamisha. Kuna kingine, Ushahidi, kilichotengenezwa na Wakenya wachache mnamo Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili raia atume ujumbe na tukio lionekane kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2008, vita vilipochachamaa Kivu ya Kaskazini, ramani kama hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya Kongo. Kwa hiyo tusiseme ni vitu vya wazungu tu. Vimelelewa katika taabu zetu, na tunayo haki ya kuuliza vinatufanyia nini.

Sasa nitasema kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mnaukumbuka kuliko mimi. Mvua ilinyesha milimani, na Mulongwe ukaacha njia yake. Daraja lake likabomoka, barabara ya taifa namba 5 ikakatika, mji ukawa vipande viwili. Kavimvira nako maji yakafurika. Makumi ya watu walifariki, maelfu ya nyumba zilibomoka, makumi ya maelfu ya watu walibaki bila makao. Mitambo ya maji ya REGIDESO iliharibika, na sisi watu wa Uvira tunajua bomba likikauka kinafuata nini: watu wanarudi ziwani na mitoni kuteka, na kipindupindu hakikawii. Juu ya hayo Korona ilikuwa imeingia. Shule zilikuwa zimefungwa, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 imekatazwa. Waliohama wakalala katika madarasa matupu, wakibanana kuliko alivyoruhusu daktari yeyote.

Nilikuwa kijana, sina muda mrefu tangu nitoke chuo Bukavu, nami nilitaka kusaidia. Nikatengeneza fomu usiku mmoja. Hiyo ndiyo raha ya vifaa hivi, na ndiyo hatari yake: kila swali ni bure. Kwenye karatasi, ukiongeza maswali kumi unalipa karatasi, unalipa fotokopi, na mkono unachoka kuandika. Kwenye kompyuta unabonyeza tu alama ya kujumlisha. Kulipokucha fomu yangu ilikuwa na maswali 64, nami nilijivuna nayo.

Kaya moja ilichukua karibu dakika arobaini. Katika darasa la kwanza nilikaa na mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, bado ana matope katika nywele. Nilimuuliza kuhusu mapato ya kaya kabla ya mafuriko, aina ya paa, idadi ya mbuzi. Alijibu yote kwa adabu. Mwishoni akaniuliza swali lake moja: "Mwanangu, hiyo simu italeta maji saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Katika maswali yangu 64, hakuna hata moja lililouliza walikuwa wakinywa nini siku ile.

Lakini hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa swali la 7, yaani kabila.

Mkiniuliza kwa nini nililiweka, sina jibu zuri. Nililikuta katika fomu ya zamani, nikalinakili. Ndani ya darasa lile walikuwamo Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge, Warundi wa uwandani, wote wameloa maji yale yale, na tangu asubuhi walikuwa wanapikia sufuria moja. Baba wa kwanza alijibu swali la 7 bila shida. Wa pili alijibu kwa sauti ndogo. Wa tatu akageuka kuangalia ni nani anayesikia, halafu akasema, "Andika unavyotaka." Kesho yake nilikuta sufuria mbili. Siwezi kuapa kwamba ni swali langu lililozigawa, kwa maana watu walikuwa wengi na unga ulikuwa mdogo. Lakini mzee aliyekuwa akisimamia darasa hakuwa na shaka. Aliniita pembeni. "Umetuuliza sisi ni nani kabla ya kutuuliza tumekula nini," akasema. "Sasa watu wanafikiri mabashi yatagawanywa kwa makabila."

Ndugu zangu, hapa kwetu hakuna asiyejua uzito wa jambo hili. Kule Rwanda, Wabelgiji walianza kuandika kabila katika vitambulisho vya watu katika miaka ya 1930. Ilikuwa kazi ya ofisi tu, kazi ya makarani. Mwaka 1994, kwenye bariyeri, neno lile moja lilitosha kumuua mwenye kitambulisho. Karatasi ya ofisi ilikaa miaka sitini ikingoja siku mbaya. Nami, mtoto wa eneo hili la Maziwa Makuu, nilifungua safu ile ile katika simu yangu kwa kubonyeza mara moja, bila mtu wa kunizuia.

Zamani injinia alikuwa kama mlango. Ili kupata programu ulilazimika kukaa naye, kumweleza unataka nini, naye angeuliza kwa nini. Sasa mlango huo umeondolewa. Ni jambo jema, kwa maana mashirika madogo kama letu hayana fedha ya kumlipa injinia. Lakini hapo palipokuwa na mtu anayeuliza kwa nini, sasa hapana mtu. Ninachoomba leo ni kwamba mtu huyo awe ninyi.

Msifikiri nasema maneno matupu. Tulijaribu, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena. Ziwa si kama Mulongwe. Mto huja usiku mmoja na kuondoka. Ziwa huja polepole, huingia sebuleni, hukaa. Tanganyika ina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga huko Kalemie, kwa hiyo likijaa halishuki kwa juma moja wala mawili. Watu wa kandokando hawakuhama wote kwa pamoja. Walihama nyumba kwa nyumba, wakaingia kwa shangazi, kwa mkwe, kwa rafiki wa kanisani. Hawa ndio ambao fomu zetu hazikuwaona mwaka 2020, kwa sababu tulihesabu mashule na makanisa peke yake, tukasahau familia zinazowapokea. Nyumba iliyokuwa na watu saba ina watu kumi na tisa, choo ni kimoja, na hakuna mtu wa shirika anayebisha hodi hapo.

Safari hii sikuandika fomu usiku. Tulikaa na wakuu wa avenyu wanane, wengine wako hapa, nami nikaleta maswali kwenye karatasi kubwa ukutani. Walifuta kwa kalamu nyekundu. Yalibaki maswali tisa. Nyumba ngapi zimeingiliwa na maji? Familia ngapi zimetoka, na zimekwenda kwa jamaa, kanisani au shuleni? Nyumba ngapi zinapokea wageni? Watu wanateka maji wapi? Vyoo vingapi vimezama? Wangapi wanaharisha juma hili? Mama wajawazito wangapi wamekaribia kujifungua? Wangapi hawawezi kutembea wenyewe? Na la tisa, ambalo alilileta mama mmoja mkuu wa avenyu na ambalo mimi nisingelifikiria kamwe: nani ana taa usiku? Maana wanawake walikuwa wakienda porini gizani baada ya vyoo kuzama.

Angalieni kitu ambacho hakimo. Hamna jina hata moja. Simu ilibeba hesabu tu. Majina yalibaki katika daftari la mkuu wa avenyu, mahali yalipokuwa tangu zamani, kwa mtu ambaye watu wanamjua na wanaweza kumgombeza. Siku ya kugawa, kila familia ilikuja na jetoni yenye namba, naye mkuu wa avenyu ndiye aliyejua namba ni ya nani.

Ndani ya siku tatu tulikuwa na ramani. Ilionyesha avenyu mbili ambazo hazikujuana zinateka maji mahali pamoja, chini kidogo ya vyoo vilivyozama, na katika zote mbili hesabu ya wanaoharisha ilikuwa inapanda. Tulipeleka habari kwa kituo cha afya, na kesho yake akawekwa mtu wa kutia klorini katika bidoni. Sisemi ramani ilitibu mtu. Klorini ndiyo iliyofanya kazi, pamoja na yule aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuitia. Ramani ilimwambia asimame wapi.

Nisije nikawadanganya: kuna mambo ambayo kifaa hiki hakiwezi. Mulongwe ukivunja kingo usiku, fomu haitamwamsha mtu. Hapo kinachosaidia ni mtu wa juu mlimani anayempigia simu mtu wa chini, na filimbi, na kengele ya kanisa, na vijana wanaojua mapema ni nani wa kubebwa. Nimeona mashirika yakitumia fedha ya filimbi kununua tableti. Tableti inapendeza katika ripoti.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi. Nimefikiri sana kama niliseme, na wenzangu wamenikubalia.

Mwaka 2025 mnaujua. Januari Goma, Februari Bukavu. Watu wa uwanda wa Ruzizi na wengi wa hapa Uvira walivuka kuingia Burundi, makumi ya maelfu, wengine kwa kuogelea, na wapo waliozama. Desemba vita vilifika katika mji wenyewe, na safari ya kuvuka ikaanza upya. Katika mwaka huo, na sitasema mwezi wala mahali, mwenzetu mmoja alisimamishwa kwenye bariyeri na watu wenye silaha. Walitaka simu. Akawapa akiwa ametulia, kwa sababu tulikuwa tumefundishana vizuri: programu ilikuwa imepangwa ifute kila fomu mara inapotumwa, na fomu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa ufunguo ambao haukai ndani ya simu. Walifungua programu, wakakuta hamna kitu.

Halafu wakafungua picha.

Siku mbili kabla, mkuu mmoja wa avenyu alikuwa amemwomba aipige picha daftari yake, isije ikapotea akikimbia. Ilikuwa nia njema kabisa. Kurasa nne, majina ya wenye kaya, na pembeni ya baadhi ya majina, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe, kijiji walikotoka. Wale watu walisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Waliuliza kuhusu majina matatu. Mwenzetu alisema hawajui. Baada ya saa nyingi wakamrudishia simu na kumwacha aende.

Tulikaa usiku ule tukijadiliana. Mmoja alisema tukiwaambia watu tutawatia hofu bure, pengine wale watu wamekwisha kusahau. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Lakini jina si letu. Mwenye jina ndiye anayepaswa kuamua kama ataogopa au hataogopa. Tuligawana zile kurasa nne na tukaenda nyumba kwa nyumba, siku tatu, kumwambia kila mmoja: jina lako limesomwa na watu hawa, mahali hapa, siku hii. Wengine walitushukuru. Wengine walitutukana, na walikuwa na haki. Familia mbili zilihama tena usiku huo huo, kwa ajili ya kitu tulichokifanya sisi. Mzee mwenye daftari hajanisalimu mpaka leo, ingawa namsalimu.

Hata wakubwa yanawapata. Mnamo Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika kompyuta zilizokuwa na habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwamo watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita na uhamaji. Wao wana mainjinia na fedha. Sisi tuna simu ya mkono wa pili yenye kioo kilichopasuka. Kitu pekee ambacho hakiwezi kuibwa ni kile ambacho hukukiandika.

Kwa hiyo mtu wa shirika akija kwenu na simu, hata akiwa ni mimi, msianze kwa kujibu. Mwambieni awaonyeshe maswali yote kwanza, toka la kwanza hadi la mwisho, kwa lugha mnayoisoma. Muulizeni kila swali litabadili nini: kama akijibiwa ndiyo atafanya nini, na akijibiwa hapana atafanya nini. Akikosa jibu, swali hilo litoke. Muulizeni ni nani mwenye ufunguo wa majibu, na yatafutwa lini. Muulizeni kama kuna alama ya mahali, kwa maana simu inaweza kuweka mlango wa nyumba yako kwenye ramani kwa kukosea mita chache tu, na kwa mtu anayejificha hilo ni zaidi ya jina. Na mwambieni arudi kuwaonyesha hesabu ilivyotoka. Kongo inayo Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake ulinzi wa habari za mtu umeandikwa. Najua sheria za Kinshasa zinachoka njiani kabla ya kufika Uvira. Hata hivyo, mtu wa shirika akisikia mnaitaja, mtaona anavyokaa vizuri katika kiti.

Mtaniambia: tukikataa kujibu, msaada utakwenda kwa jirani aliyejibu. Ni kweli, na siwezi kuwaficha. Imeshatokea. Ndiyo maana naongea na ninyi viongozi, na siongei na mama mmoja mmoja aliye na njaa mlangoni. Yeye hawezi kukataa. Ninyi, mkiwa wengi na mkisema neno moja, mnaweza. Shirika linalohitaji kufanya kazi katika avenyu yenu linawahitaji zaidi ya linavyoonyesha.

Na vijana, msingoje mashirika. Hao wawili wa Kimanga watawaonyesha namna ya kutengeneza fomu, wana simu zao hapa na wamezichaji. Hesabuni visima vyenu, madaraja yenu ya miti, nyumba zilizo kando ya mto. Hesabuni vitu. Watu waacheni katika daftari, na daftari lisipigwe picha.

Nimeleta fomu mpya ambayo shirika letu linataka kuitumia katika msimu huu wa mvua. Ina maswali 11. Nimeichapa kwenye karatasi, moja kwa watu watatu, na kalamu nyekundu ziko kwenye sanduku hili. Anayesoma amsomee aliye karibu naye. Tutakwenda swali kwa swali, na mkifuta yote, nitarudi ofisini na karatasi tupu, nitajua namna ya kueleza. Naomba tuanze na swali la 4, linalouliza familia ilitoka kijiji gani. Ofisi inalitaka ili kupanga safari za kurudi. Mimi nikiliona nakumbuka zile kurasa nne. Mzee wa Kasenga, naona umeinua mkono, karibu.